Siku moja maishani mwangu: fundi wa soli, Kigoma mjini

Saa 11:30 alfajiri

Kazi yangu ni kutengeneza soli. Banda langu liko Mwanga, karibu na soko, lakini siku yangu huanzia Kibirizi, mwaloni, wanakotia nanga wavuvi wa Ziwa Tanganyika, maana huko ndiko iliko miguu ninayoitengenezea. Siku za giza wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao na kurudi kunapokucha. Mbalamwezi ikikolea, wengi hupumzika na mwalo hupoa. Leo ni giza, kwa hiyo pamejaa.

Nakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, natazama miguu. Akina mama wa hapa wameshanizoea, hawaulizi tena natazama nini. Wanashuka na mabeseni matupu, ndala zinapiga visigino pa, pa, pa. Baada ya muda wanapanda na dagaa kichwani, maji ya samaki yanachuruzika mabegani, na mwendo umebadilika kabisa. Hatua zimefupika. Kisigino kinagusa chini kwa kuibia, uzito wote umeangukia mbele, kwenye mzizi wa vidole. Na vidole vyenyewe vimekunjwa kama vya kuku aliyelala juu ya tawi, kwa sababu ndala haina kamba nyuma na mguu lazima uing'ang'anie isichomoke. Fikiria kukunja vidole hivyo kila hatua, mlima mzima, kila siku ya giza, miaka ishirini.

Mama mmoja mchuuzi ananikuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Vile vyangu vipi?"

"Leo jioni mama. Tunakwenda kuvijaribu mlimani."

"Basi usinifanyie vigumu, mwanangu. Miguu yangu imechoka. Nataka laini, kama godoro."

Saa 2 asubuhi

Kama godoro. Neno hilo nalisikia karibu kila siku, na ndilo ninalopambana nalo.

Chukua ndala kuukuu, yoyote, uibonyeze kwa dole gumba. Chini ya kisigino na chini ya mzizi wa vidole utakuta sponji imelala, imekuwa ngumu kama ubao. Kwingine kote bado imetuna. Laini ilikufa pale pale ilipohitajika. Na kabla haijafa, ilikuwa na tatizo jingine: mguu ukididimia kwenye sponji nyororo, kifundo kinayumba, na misuli inafanya kazi muda wote kukizuia kisipinde. Kwa hiyo mtu anajisikia vizuri dukani na kuchoka barabarani.

Kinachompumzisha mtembeaji zaidi ya ulaini ni umbo. Mguu hautui chini kama tofali. Kisigino kinatangulia, wayo unafuata, vidole vinamalizia kwa kusukuma, mguu unabingirika. Soli bapa na ngumu huukatiza mwendo huo, na soli iliyochongwa tao huusaidia. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio nililolisoma kwa simu, mara tatu nne hivi mpaka nikalielewa. Waliwavalisha watu buti zisizopinda, chini yake wakafunga matao ya ukubwa mbalimbali, wakapima nguvu zinazotumika kutembea. Nguvu zilipungua zaidi pale nusu kipenyo cha tao kilipokuwa kama asilimia 30 ya urefu wa mguu mzima, kuanzia nyonga hadi chini. Kwa mtu mwenye mguu wa sentimita 95, hiyo ni sentimita 28.5.

Siku ile nilichukua futi ya kupimia nikatoka nje ya banda. Kulikuwa na bodaboda imeegeshwa. Tairi ya nyuma, namba 3.00-17. Kutoka katikati ya gurudumu hadi inapogusa chini: sentimita 29 hivi.

Baba mdogo, aliyenifundisha kazi hii, alikata katambuga za tairi za pikipiki maisha yake yote. Mafundi wengine walikuwa wakizinyoosha kwa moto ili zilale vizuri. Yeye alikataa. Alikuwa akisema, "Uache mpira ulikumbuke gurudumu." Amefariki kabla sijaijua hesabu ya wale watafiti, na mpaka leo natamani ningemwonyesha.

Saa 3 asubuhi

Katambuga ikibebeshwa uzito hunyooka kidogo, haibaki na tao lake lote. Ndiyo maana situmii tairi kama ilivyo. Nimelaza tairi juu ya ubao wa plaiwudi, nikachora mzingo wake, nikaukata. Huo ndio mama wa vigezo vyangu vyote. Umeninginia ukutani juu ya meza, na kijana ninayemfundisha haruhusiwi kuukatia kitu juu yake.

Soli ya yule mama ina tabaka tatu. Juu kuna sponji laini kiasi, ya kumpokea. Katikati, sponji ngumu, hiyo ndiyo ninayochonga tao. Chini, mpira wa tairi ya bodaboda. Tairi nyingi za magari ya siku hizi zina nyuzi za chuma ndani. Mpira ukilika, waya unatokeza na kuchoma wayo. Za bodaboda ninazozikata zina nyuzi za nailoni, ndizo salama. Sponji naipima kwa ukucha: nikibonyeza na kuachia, alama irudi kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Isiporudi, hata wakinipa bure siichukui.

Halafu gundi. Hapa ndipo viatu vingi vinapoharibikiwa, hasa masika. Unakwaruza pande zote mbili kwa msasa mpaka ung'aavu uishe, unapangusa vumbi, unapaka gundi nyembamba pande zote mbili, halafu unaacha. Unaacha kweli. Kijana wangu dakika tano tu ameshaanza kunyoosha mkono. Gundi iwe imekauka kiasi kwamba ukiigusa haikunati kidoleni, ndipo ubandike, na ukishabandika hakuna kusogeza tena. Unagonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Siku ya unyevunyevu nasubiri zaidi, na kama mvua inanyesha kabisa sibandiki. Wateja wananuna. Afadhali wanune kuliko soli ifunguke mtu akiwa na mzigo kichwani.

Mwisho napitisha msharasi na kushona ukingo mzima kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Chini nachonga mifereji ya kukingama, maana njia za kutoka mwaloni zina utelezi wa magamba na matope.

Saa 5 asubuhi

Bibi anakuja na mjukuu wake. Ana kisukari, na miguu yake imekufa ganzi. Mwezi uliopita alitembea nusu siku na kokoto ndani ya kiatu bila kujua. Mjukuu ndiye aliyeona damu. Kidonda kimepona, lakini chini ya mzizi wa kidole gumba kuna sugu nene, rangi ya asali.

"Ikate basi, wewe si una visu?" ananiambia.

"Hapana bibi. Mimi nakata viatu. Hiyo wataikata kliniki."

Vipimo vyake nilivichukua jana jioni. Vipimo vyote nachukua jioni, kwa sababu mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko wa saa kumi. Kiatu cha asubuhi humbana mtu mchana. Alikanyaga kitambaa kilicholowa, kisha karatasi ya kaki, na alama ya maji ikaonyesha wazi: kisigino, ukingo wa nje, halafu doa zito pale pale kwenye sugu. Nililizungushia kalamu kabla halijakauka.

Kwa miguu kama hii laini peke yake ni hatari, na gumu peke yake ni hatari. Miaka ya 1950, kule Vellore, India, daktari Paul Brand alihangaika na jambo hili hili kwa wagonjwa wa ukoma. Aliona kwamba vidonda vyao vya nyayo vilitokana na kukanyaga pale pale, tena na tena, bila maumivu ya kuwaonya wabadili mwendo. Viatu vilivyotokana na kazi hiyo vina raba laini yenye vitundu vya hewa ndani, na soli ngumu chini.

Ndivyo nilivyomfanyia bibi. Soli yake ni ya sentimita 24, haipindi hata ukiikunja kwa mikono miwili. Kutoka kisigino nimepima asilimia 60, yaani sentimita 14.4, nyuma kidogo ya lile doa. Kuanzia hapo soli inapanda kwa pembe ya nyuzi 15, na ncha inakuwa juu ya ardhi kwa sentimita mbili na nusu hivi. Akifika katikati ya hatua, kiatu kinabingirika chenyewe mbele. Vidole havilazimiki kupinda, na ile sugu haibebi uzito wote peke yake. Mstari huo ndio kila kitu. Ukiusogeza mbele, unamwekea bibi ukingo chini ya sugu yake.

Anavaa. Anashika bega la mjukuu, anapiga hatua kumi ndani ya banda, anageuka.

"Kinanisukuma," anasema.

"Kinakusukuma vibaya au vizuri?"

Anafikiri. "Kama mtu anayenishika mkono."

Nimemwambia avivae saa moja tu leo, saa mbili kesho, na kila akivua mjukuu amkague miguu yote miwili, chini na katikati ya vidole, na aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa tena. Mjukuu amerudia maneno yangu yote neno kwa neno. Huyo nina imani naye.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Nakula nimesimama, miguu peku juu ya sakafu ya baridi.

Saa 8 mchana

Mvua imenyesha, kwa hiyo hakuna gundi. Nanoa visu na kumfundisha kijana kuchora.

Ananiuliza kwa nini soli zetu ni pana kuliko za dukani. Namweleza habari ambayo huwa siipendi kuisema. Nilipoanza kutengeneza soli za tao nilikata moja ndefu kwenda juu, nyembamba, ya sponji laini, nikamuuzia mzee mmoja. Ilipendeza sana. Siku ya tatu akateguka kifundo akishuka mteremko. Nilikwenda kwake na hela yake mkononi, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanikalisha, akanionyesha kifundo kilivyovimba. Tangu siku ile soli yangu huzidi mguu upana kwa milimita chache kila upande, sponji ya katikati huwa ngumu, na hakuna soli inayotoka hapa bila mimi au mtu wangu kuivaa mlimani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu, kwa kuwa mvua haijakatika, namwonyesha kwenye simu picha ya nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zilizochimbuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Zimekaa kwenye majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6. Kidole gumba kimenyooka sambamba na vingine, na kisigino kimezama. Kijana ameikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Naye alianza na kisigino," amesema.

Saa 10:30 jioni

Mama mchuuzi amekuja na beseni lake. Tumelijaza mchanga, maana dagaa wameisha, na tunaupanda mlima wa nyuma ya soko, yeye mbele, mimi nyuma, macho yangu chini.

Soli zake ni tofauti na za bibi. Yeye hushuka mtupu na kupanda na mzigo. Kwa hiyo kisigino nimekiinua sentimita moja kuliko mbele, ili kwenye kupanda mshipa wa nyuma usivutwe sana, na ukingo wa nyuma kabisa nimeuchonga mshazari ili akishuka asijigonge. Mkanda unapita nyuma ya kisigino. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kwangu.

Hatua ishirini za kwanza vidole bado vimekunjwa. Miaka ishirini haiondoki kwa hatua ishirini. Tunapofika kwenye kona yenye mwembe, kile cha pili kinalegea, halafu cha tatu. Natamani kupiga kelele lakini nanyamaza, asije akajitazama akabadili mwendo.

Juu anatua beseni.

"Haya si magodoro," ananiambia, anahema.

"Si magodoro, mama."

"Ila sijachoka hapa." Anagusa mbele ya wayo. "Cha kushoto tu, kama kinanichelewesha."

Ananiachia viatu, anarudi nyumbani na ndala zake.

Saa 2 usiku

Nimeviweka mezani chini ya taa. Naviangalia kwa pembeni, naona viko sawa. Napima kwa rula, viko sawa. Kisha navisukuma ncha kwa kidole, kimoja kimoja, na kuviachia vibembee. Cha kulia kinabembea mbele na kurudi mara tatu. Cha kushoto mara mbili, halafu kinasimama, kama kimekanyaga kitu.

Napitisha dole gumba chini yake polepole. Pale karibu na mzizi wa vidole, upande wa nje, kuna kijiuvimbe ambacho jicho halikioni. Nachukua msasa.