Siku moja na data ya XMM-Newton

Saa 2 asubuhi. Data ghafi ya uchunguzi mmoja imeshapakuliwa. XMM-Newton ni darubini ya eksirei ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa Desemba 1999. Naanza na cifbuild, mojawapo ya programu za SAS (kifurushi cha kuchakata data ya XMM-Newton), inayochagua faili za urekebishaji za tarehe ya uchunguzi, kisha odfingest, inayoandika faili ya muhtasari. SAS_ODF, kigezo kinachoiambia SAS data iko wapi, sasa ielekezwe kwenye faili hiyo, si kwenye folda ya data ghafi tena. Wengi husahau.

Saa 3. Programu ya epproc inatoa orodha ya matukio, yaani ishara zilizonaswa na pn, mojawapo ya kamera za darubini hiyo: muda, mahali na nishati ya kila tukio.

Saa 4. Hapa ndipo asubuhi yote inapoishia. Protoni za nishati ndogo zilizo kwenye eneo la sumaku la Dunia hupita kwenye vioo na kuacha alama kama za fotoni (chembe za mwanga) za eksirei. Nachora grafu ya matukio ya pikseli moja kati ya keV 10 na 12 (keV, kilo-elektronivolti, ni kipimo cha nishati), kwa vipande vya sekunde 100. Katika nishati hizo vioo hukusanya eksirei chache sana, kwa hiyo grafu ikipanda ghafla, mara nyingi ni protoni. Kikomo kinachopendekezwa ni matukio 0.4 kwa sekunde, lakini sikikubali kabla ya kuitazama grafu yenyewe: kikomo kikae juu kidogo tu ya usawa wa vipindi tulivu. Nyota angavu huvumilia uchafu kidogo. Kundi la galaksi, lenye mwanga hafifu uliotapakaa, halivumilii.

Saa 6 mchana. Naweka duara la chanzo, nusu kipenyo sekunde 30 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii). Kwa vizio vya picha vya sekunde 0.05 za tao kila kimoja, hiyo ni 600. Eneo la usuli, yaani la kupimia matukio yasiyotoka kwenye chanzo, lataka uangalifu. Kamera ya pn ina mstari wake wa shaba karibu na keV 8, hafifu katikati na mkali pembeni. Ukichukua usuli pembeni, kuuondoa kwenye data ya chanzo kunachimba shimo la uongo kwenye spektra (mgawanyo wa matukio kwa nishati).

Saa 8. Katika hali ya fremu nzima, kamera ya pn husomwa kila milisekunde 73. Fotoni mbili zikiangukia pikseli moja kabla ya kusomwa, zinahesabiwa kama moja yenye jumla ya nishati zao. Grafu ya programu ya epatplot huonyesha: matukio ya pikseli mbili yakizidi matarajio na ya pikseli moja yakipungua, natoboa kiini cha duara (naondoa matukio ya katikati), napima upya, hadi mistari ya matukio na ya matarajio ilingane.

Saa 10 jioni. Spektra hutolewa kwa PATTERN<=4 na FLAG==0, yaani matukio ya pikseli moja au mbili yasiyo na dosari, kisha backscale, inayopima ukubwa wa maeneo, na rmfgen na arfgen, zinazotengeneza faili za mwitikio wa kamera na darubini. Ukitoboa kiini, tengeneza arf mpya, faili ya eneo fanisi la kukusanya eksirei. Ya duara zima itapunguza mwangaza wa chanzo. specgroup hukusanya angalau matukio 25 kwa kila kipande, na XSPEC, programu ya kulinganisha spektra na modeli, hupokea keV 0.3 hadi 10.

Saa 12. Narudia kwa kikomo kikali zaidi cha protoni. Mteremko wa spektra ukihama kupita kosa lake, kesho naanzia kwenye ile grafu ya saa 4.