Siku moja maishani mwangu: teknishani wa lishe, wodi ya watoto, Kenya

Saa 1:00 asubuhi. Kazi inaanzia kwenye mzani, kabla ya mtoto kunyweshwa chochote. Nguo zinavuliwa zote, nepi pia, na mzani unarudishwa sifuri. Mtoto aliyevimba miguu akipungua uzito, mamake hushtuka. Namweleza mapema kwamba ni maji yanayotoka, na ndivyo tunavyotaka.

Saa 2:00. Hesabu ya F-75, maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali. Mtoto wa kilo 6 mwenye utapiamlo mkali, asiye na uvimbe, hupewa mililita 130 kwa kila kilo: 780 kwa siku, kama 100 kila baada ya saa 3. Jamaa huona tunamnyima. Lakini mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, madini ya potasiamu na fosfeti hushuka kwenye damu, na moyo huzidiwa. Poda hupimwa, haikisiwi. Maji yakipungua, maziwa mazito huleta kuhara.

Saa 3:00. Kunywesha, kwa kikombe, si kwa chupa. Naandika alichokunywa, alichobakiza na alichotapika. Asipofikisha asilimia 80 mara 2 au 3 mfululizo, ni mrija wa pua. Hamu ikirudi na uvimbe ukishuka, anahamia F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, kwa kiasi kile kile siku 2, kisha tunaongeza mililita 10 kila mlo hadi aanze kubakiza.

Saa 7:00. Wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo huuliza njia ya kuingia. Cheti cha lishe hukufanya teknishani, diploma, teknolojisti. Kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo kimeidhinishwa na KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe nchini, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Bila usajili wake huruhusiwi kufanya kazi, hata uwe na alama nzuri namna gani.

Saa 8:00. Jikoni. Viazi vya mgonjwa wa figo hukatwa vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji humwagwa ili potasiamu, ambayo figo zake hazitoi vizuri, ipungue. Mpishi akiyatumia kwa mchuzi, imerudi yote.

Saa 10:00. Chati ya usiku, na hapa siharakishi. Mlo wa saa 9 usiku ndio unaorukwa: nesi mmoja, wodi imejaa, mama kalala. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3 (mmol/L, kipimo cha maabara) na mwili ukapoa, mtoto anaweza kufa kimya kabla ya alfajiri. Kwa hiyo kila kitanda kina mililita zake, saa zake na jina la anayehusika. Mama naye anaonyeshwa kikombe chenye alama, ili saa 9 ikifika bila mtu kuja, aamke aulize.