Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa Eastleigh aliyewahi kuvaa kombati

Saa kumi na moja alfajiri. Chai ya rangi, mkate wa jana, kisha matatu ya Barabara ya Juja. Tukipita ukuta wa Moi Air Base nageuzia uso dirisha la upande wa pili. Mazoea tu.

Saa moja na nusu. Napokea zamu. Usiku ulikuwa na mgonjwa mmoja wa pumu, basi.

Saa tatu. Anaingia mama na mtoto wa miaka miwili, anahara tangu juzi, macho yameingia ndani. Daktari wetu, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, tayari anashika dripu. "Ngoja kwanza, Daktari." Natoa mkanda mfukoni. Mkono wa juu: sentimita 10.9. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na moyo wa mtoto kama huyu haustahimili maji ya kumiminwa haraka. "Nilifundishwa, Sista," anasema, "ila mkono ulitangulia." Mtoto ana kilo 8. Namwonyesha mama: hooyo (yaani mama, kwa Kisomali), kijiko kwa kijiko, mililita 40 kila nusu saa.

Mimi sikufundishwa darasani. Ilikuwa Kismayo, Somalia, 2013, chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Hospitali ya kambi iliandaliwa kwa ajili ya askari, watu wa kilo sabini na zaidi. Mama mmoja akatuletea mtoto kama huyu wa leo. Mkanda wa presha ulimzunguka mara tatu. Wa kupimia mkono hatukuwa nao. Tuliazima futi ya fundi wa sare. Meja, daktari wa upasuaji aliyezoea kufukuzana na damu ya majeruhi, alikaa na kijiko usiku kucha. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja tuliichanganya kwenye lita mbili, tukaongeza sukari gramu 50. Bastola aliiacha nje ya hema, maana mama alikuwa akiitazama hiyo badala ya kijiko.

Siku ya nne mtoto alinyoosha mkono kudai kikombe. Tukaandika karatasi ya kumruhusu, na muhuri. Mama akairudisha. Mkalimani akatueleza taratibu, kama anayesema na watoto: huyu akikutwa njiani na muhuri wa jeshi, hakuna atakayemuuliza mtoto aliumwa nini. Akaondoka na maziwa ya unga kwenye mfuko wa sukari, bila hata mstari mmoja wa kumwambia muuguzi mwingine tulimpa nini. Meja alikasirika. Mimi pia. Baadaye tukaionea aibu hasira ile.

Saa saba. Anjera na chai, nimesimama.

Saa nane. Mtoto amekojoa! Mwenye kazi hii anajua raha ya nepi iliyolowa. Lakini lazima alazwe, na hospitali tunayoipigia haina kitanda. Tunapiga tena. Na tena. Nachukua muda huo kuandika barua: uzito, mkono, kila kipimo cha maji na saa yake. Kijana anacheka kwamba naandika kama karani wa mahakama.

Saa kumi na moja jioni. Kitanda kimepatikana, ambulensi iko mlangoni. Nagonga muhuri. Mama anaikunja barua mara nne, anaitia ndani ya kava la simu, kisha anaitoa tena.

"Getini niwaonyeshe hii?"

"Mwonyeshe kila mtu, hooyo."