Mpe chaki yule anayepoteza kalamu

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, upande ule ambao ukishapita nyumba za mwisho unaingia mashambani na kwenye misitu ya miombo. Nina watoto themanini na wanne. Kwa idadi hiyo, kama hakuna mpangilio, dakika arobaini za kipindi zinaishia kwenye "mwalimu, sina kitabu" na "mwalimu, huyu kanichukulia rula yangu".

Wengi wetu tulikulia chini ya monita. Monita alikuwa mmoja, mwenye sauti kubwa na alama nzuri, na silaha yake ilikuwa daftari la wapiga kelele. Wa rika langu mnalikumbuka. Ukimpa ubuyu, jina linafutwa. Ukimnyima barafu wakati wa mapumziko, jina linarudi na nyota mbili mbele yake. Mimi kwangu ubuyu sio shida kubwa sana. Shida ni kwamba kazi ya kupanga tunampa mtoto ambaye tayari anajua kupanga. Yule ambaye daftari lake la Hisabati lina insha ya Kiswahili katikati, na mfuko wa shati umelowa wino, anamaliza darasa la saba bila mtu kumkabidhi hata ufunguo wa kabati.

Mji wetu una hadithi yake kuhusu viranja. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, anakumbukwa kwa kupinga viranja kupewa mgao wa chakula mara mbili ya wenzao. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua kazi za shule yao. Kwa ninavyoona mimi, shule nyingi tulichukua jembe tukaacha kupanga. Watoto wanalima, mwalimu ndiye anayejua nani alime wapi.

Basi darasani kwangu monita yupo, maana utaratibu wa shule unamtaka, lakini kazi nimezigawa. Kuna mtunza chaki, mtunza vitabu, mtunza muda, mpanga zamu za usafi, mtunza ndoo na sabuni, mtunza vifaa vya jometri, na mwandishi wa wasiofika. Kila nafasi ina mtu na msaidizi wake. Baada ya wiki mbili msaidizi anapanda, na msaidizi mpya anaingia. Majina yako kwenye vibanio vya nguo, vimebanwa kwenye karatasi ya manila ukutani, na wanaovihamisha ni wao wenyewe. Kabla ya mwaka kwisha kila mtoto anakuwa ameshika angalau nafasi moja. Msichana hapewi ufagio kwa sababu ni msichana. Kibanio kikifika kwenye jometri, anakabidhiwa bikari na rula kubwa ya ubaoni.

Moyo wa jambo lote ni makabidhiano. Ijumaa, kipindi cha mwisho, anayetoka na anayeingia wanakaa dawati moja na daftari lenye safu nne: nilichopokea, kilichotumika, kilichobaki, kilichoharibika. Wanahesabu pamoja, wote wawili wanaandika majina, halafu naletewa. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kwamba "zipo nyingi" si jibu. Wiki za mwanzo zilikuwa kelele tupu. Mtunza vitabu mmoja aligoma kupokea mpaka kitabu namba 31 kipatikane, na wenzake wakamnunia kwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia. Kitabu kilikutwa chini ya dawati la nyuma. Sikumsifia mbele ya darasa, ila tangu siku ile hakuna anayempelekea hesabu ya kubahatisha.

Mtunza muda ananikera, naomba niseme ukweli. Kazi yake ni kuinua mkono zikibaki dakika kumi, tuanze kufunga somo na kupanga madaftari. Watoto wanaipenda nafasi hii kupita kiasi. Uko katikati ya kueleza sehemu zenye asili tofauti, chaki mkononi, unasikia: "Mwalimu, muda!" Na inabidi utii, la sivyo umeiua nafasi yenyewe.

Ninayoithamini kuliko zote ni ya mwandishi wa wasiofika. Rejista ya mahudhurio ni yangu na haiguswi. Yeye ana daftari lake: jina, siku, somo, mada, ukurasa. Huku kwetu msimu wa kuvuna tumbaku watoto hupungua darasani. Wengine wanafuata wazazi mashambani, wanasaidia kuchuma majani na kuyapeleka kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Zamani mtoto akirudi alikuwa anakaa nyuma akitazama ubao kama mgeni msibani. Sasa akirudi, mwandishi anamsomea alichokosa na kumtafutia mtu wa kumwazima daftari. Kuandika mada kwa ufupi ili asiyekuwepo aelewe ni kazi ngumu. Wanaoanza huandika "tulisoma Sayansi". Nikiwauliza mwenzako atafungua kitabu ukurasa gani, wanarudi kukaa.

Mtoto niliyempa chaki kwanza alikuwa bingwa wa kupoteza kalamu. Mwalimu mwenzangu akacheka, "Mwalimu, hizo chaki utazikuta sokoni." Chaki hazikupotea. Alizipanga kwenye boksi la biskuti, nzima upande mmoja, vipande upande mwingine, na alikuwa anakataa kunipa nzima kama kipande bado kinaandika. Kalamu yake aliifunga uzi shingoni, bila mimi kumwambia. Kwenye kikao cha wazazi bibi yake akanijia, tukasalimiana, akasema, "Mwalimu, huyu mjukuu wangu umemfanya nini? Kaandika kwa mkaa ukutani siku za kila mtu kuteka maji." Nikamwomba radhi kwa ukuta. Akaniambia ukuta si neno, ila wajukuu wengine wanalalamika kwamba yeye amejipangia siku moja tu.

Si wazazi wote wamefurahi. Baba mmoja aliniuliza kwa upole kama mwanawe amekuja kusoma au kulinda ndoo. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha mwandiko wa mwanawe na hesabu za kutoa alizofanya kujua sabuni iliyobaki. Alisoma, akarudisha, akasema sawa mwalimu. Sijui kama alikubali.

Kama unafundisha na unataka kujaribu, usianze na nafasi saba. Anza na mbili na daftari moja la makabidhiano, uongeze hizo zikizoeleka. Msaidizi awepo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtoto ataugua malaria na ufunguo utabaki kwao. Na kama shuleni kwenu chaki zinafungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anza na ndoo.