Malkia wangu haketi kwenye kiti cha enzi

Riwaya ninayoandika ni ya njozi za giza, na wenye nguvu ndani yake ni wanawake. Kila niliyempa sura za mwanzo ameniuliza: mbona hakuna malkia? Hakuna taji, wala binti mfalme anayegundua kwamba ana damu ya uchawi. Hadithi za damu zimenichosha. Umezaliwa nayo, basi. Wewe mwenyewe umefanya nini?

Mimi nimekulia kambi ya polisi hapa Kampala, ndiyo maana naandika Kiswahili, lakini mama ni Mkiga wa Kabale. Huko kwao Kigezi, mpaka Rwanda, watu walimcha Nyabingi, roho ya kike. Aliyesema kwa niaba yake aliitwa omugirwa, na wengi walikuwa wanawake. Mmoja wao, Muhumuza, aliwakusanya watu kupigana na wakoloni hadi Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Wakamleta Kampala, akazuiliwa huku hadi kufa kwake mwaka 1945. Miaka 34! Hakuiona tena milima yake. Huyo ndiye aliyenifanya nianze kuandika.

Lakini umbo la riwaya nimelipata Kasubi, hapa hapa Kampala, kwenye makaburi ya Kabaka wanne, wafalme wa Buganda. Nilipelekwa nikiwa msichana, kabla ya moto wa Machi 2010. Tulivua viatu, tukaketi chini. Mbele yetu palikuwa na pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, jekundu kama udongo wa barabara. Mgeni havuki pale. Karibu yake bibi mmoja alikuwa akisuka mkeka. Alitutazama sote, mmoja mmoja, na vidole vyake havikusimama hata kidogo. Pale niliona kwamba siri ni kazi, na kuna mtu anaamka kila siku kuifanya.

Basi mhusika wangu ni mjane anayekaa nyuma ya pazia na kuisemea roho. Machifu wanamjia na mbuzi, wanatetemeka. Sharti ni moja: akishaingia, kwa watu wake amekufa, na sauti yake ya zamani isisikike tena.

Sura ya saba binti yake anakuja. Amebeba kibuyu cha omuramba, pombe ya mtama, miguu ina matope ya njia nzima, anapiga magoti na kuuliza: "Mama yangu yuko wapi?" Na mama yuko pale, hatua mbili tu, anapaswa kumjibu kwa ile sauti nyembamba ya roho.

Dada mmoja anayenisomea anasisitiza binti aitambue sauti. Nimekataa. Akishtuka tu, wazee walioketi mlangoni watajua, na kabla hakujapambazuka wote wawili watakuwa wameuawa. Mama anamwambia: "Usimtafute. Rudi ukalime." Binti anaacha kibuyu, anaondoka akiwa na hasira.