Mbigili ya Kansas

Juzi jioni kitinda mimba wetu aliingia ndani akiruka kwa mguu mmoja, ndala mkononi. Soli ilikuwa imejaa mbigili. Nikakaa naye kizingitini tukizing'oa kwa kucha, ndipo akauliza: "Baba, Ulaya nako kuna mbigili?" (Kwake yeye kote ng'ambo ni Ulaya, na nimeshachoka kumrekebisha.) Nikamwambia zipo. Moja tunafahamiana kabisa.

Ni ile safari ya baiskeli na shemeji, Juni 2016, kule Marekani, Kansas kuelekea Colorado. Siku nyingine zimeshachanganyika kichwani: mkate na siagi ya karanga, kulala kwenye hema katika bustani za miji midogo, maumivu ya makalio. Siku ya kutoka Scott City kwenda Tribune ndiyo imebaki nzima. Ni kilomita kama 75 kwa barabara ya 96, iliyonyooka kama uzi wa mwashi. Kushoto ngano, kulia mtama uliokuwa ndiyo kwanza unachipua. Ndiyo, mtama, tena wanalisha ng'ombe; bibi yangu angelia. Mji unautambua kwa ghala lake la nafaka: linachomoza mbele, jeupe, unasema nimefika, unakanyaga pedeli nusu saa nyingine, na lenyewe bado liko palepale. Wanasema nchi ile ni tambarare. Waongo. Inapanda kimyakimya kuelekea magharibi bila hata kukuonyesha kilima cha kulaumu.

Tulipofika Leoti, mji wa katikati ya njia, shemeji alishaniona mzigo, akatangulia. Tyubu ya akiba ilikuwa kwenye mkoba wake. Viraka na pampu vilikuwa kwangu. Ndivyo tulivyogawana, kwa akili zetu wenyewe.

Tairi la nyuma likalegea katikati ya pasipo kitu. Fundi wa mtaani kwetu huzamisha tyubu kwenye karai la maji, akaona vipovu, kwisha. Mimi nilikuwa na nusu chupa ya kunywa, na mbele hakuna duka hadi Tribune. Nikaijaza upepo, nikaiweka sikioni. Sikio lenyewe lilikuwa limejaa upepo. Mimi mtu wa Singida, upepo naujua, lakini wetu kuna wakati unapumzika. Kila lori la ng'ombe lililopita liliniongezea upepo mwingine, wenye harufu.

Nikaona kalvati chini ya barabara. Nikaingia na tyubu yangu shingoni.

Kimya. Tangu asubuhi sikuwa nimesikia hata pumzi yangu, sasa naisikia inagonga zege na kurudi. Juu ya kichwa kulikuwa na viota vya mbayuwayu, vya tope, safu kwa safu. Nilichuchumaa, nikalowanisha midomo kwa ulimi, nikaanza kuizungusha tyubu taratibu mbele yake, maana mdomo uliolowa unasikia kuliko sikio. Inchi baada ya inchi. Hakuna kitu. Nikarudia. Halafu, karibu na valvu, kitu chembamba na cha baridi, kama uzi, kikaugusa mdomo wa chini.

Nikarudi juu kupapasa tairi mahali hapohapo. Kidole kikachomwa kabla jicho halijaona: kidude cha rangi ya majani makavu, pembe mbili. Wenyeji hukiita kichwa cha mbuzi. Nikashuka nacho kalvatini, nikakigeuza kiganjani, nikacheka peke yangu. Wewe? Huku? Nikakisalimia kwa Kinyaturu.

Baadaye nilisoma kwamba mmea ule si mzawa wa Marekani. Ulivuka bahari kutoka upande huu wa dunia, na husambaa kwa kung'ang'ania kwato, viatu na matairi. Siku ile sikujua. Nilisugua tyubu kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Dakika tano zingetosha kishike. Mimi nilikaa karibu saa nzima, na mpaka leo sijui nilikuwa nangoja nini.

Tribune nilimkuta shemeji chini ya mti, amenuna. "Saa nzima nakusubiri!" Nikamwonyesha simu yangu. Kati ya Leoti na Tribune unavuka mpaka wa majira ya saa, na saa hurudi nyuma moja, na ya mkononi mwake bado ilikuwa ya Leoti. "Sijachelewa, shemeji." Hakucheka. Hesabu hiyo hatujaimaliza.

"Ile mbigili ukaipeleka wapi?" mtoto akauliza.

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Nje tu, kwenye nyasi."

"Ikaota?"

Nikanyamaza. Ndipo nikaona kwamba muda wote huo alikuwa akizirusha za kwake uani, moja baada ya nyingine. Nikamwambia aende akaziokote.

Akaniangalia. "Wewe uliokota?"