Presha iliyogoma dawa: ninavyoianza upya kabla ya kuongeza kidonge

Kadi ninayokutana nayo mara nyingi kwenye kliniki ya presha hapa Kigoma inasomeka hivi: amlodipini miligramu 10, losatani 50, presha 168/98, na pembeni kumeandikwa "ongeza dawa". Kama mgonjwa hana dalili za hatari, siku hiyo siongezi. Presha nyingi zinazoitwa sugu hazijagoma dawa kabisa: zimepimwa vibaya, au vidonge havimezwi, au kuna kitu kingine kinazisukuma juu. Naanza upya, kwa mpangilio ule ule kila mara.

Kwanza kipimo. Mtu ametoka Ujiji kwa bodaboda, amesimama foleni, akiitwa tu anafungwa mashine juu ya shati. Namba hiyo naifuta. Namkalisha dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, awe ameshakwenda haja ndogo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono mtupu umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkono ukishuka sentimita kumi chini ya moyo, namba inapanda kwa 7 au 8 hivi. Nguo ya mikono mirefu haikunjwi mpaka ikabana juu ya kiwiko. Mkono unatolewa nje ya nguo. Tena haongei, wala mimi simuulizi habari za nyumbani wakati mashine inajaa upepo, ingawa adabu yetu inatusukuma tufanye hivyo. Salamu ziishe kabla.

Kinachoharibu zaidi ni mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi na kujaa upepo. Vituo vingi vina mmoja tu, wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Vipimo hivyo vimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Nina futi ya fundi cherehani mfukoni, napima mkono katikati ya bega na kiwiko. Mwenye sentimita 36 akifungwa mkanda huo anaongezewa takriban 5 za bure, na mkono mnene zaidi ya hapo unaweza kuongezewa karibu 20. Mtu wa namna hiyo anapewa kidonge cha tatu, kumbe aliyehitaji kubadilishwa ni mkanda. Kama mkanda mkubwa haupo, natafuta zahanati iliyo nao kabla sijagusa dozi.

Napima mara tatu, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, naacha cha kwanza, nachukua wastani wa viwili vya mwisho. Siku ya kwanza napima mikono yote miwili, kisha naendelea na ule uliosoma juu. Mapigo nayashika kwa vidole vyangu: yakiwa yanarukaruka bila mpangilio, mashine ya betri inadanganya, hapo natumia ya kusikiliza kwa masikio na kuishusha polepole, milimita 2 kwa sekunde.

Wastani ukibaki 140/90 au zaidi, nahamia kwenye vidonge. Swali la "unakunywa dawa?" nimeliacha, kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Nauliza hivi: "Shikamoo mzee. Dawa za kila siku zinachosha, watu wengi huzikosa. Wiki hii iliyopita zimekupita siku ngapi?" Ukiuliza hivyo mtu anahesabu. "Tatu, daktari. Nne." Halafu naomba paketi zote zimwagwe mezani, hata za maumivu, hata za kuazima kwa jirani. Aliyepewa vidonge 30 siku 30 zilizopita akabakiwa na 14, jibu liko mezani. Hahitaji dozi kubwa, anahitaji nijue kilichomzuia.

Hapa vizuizi vinajulikana. Wapo wanaoacha kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Wapo wavuvi wa dagaa, wanaolala ziwani na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Ukimwambia "kunywa asubuhi na jioni" hujamwambia kitu, na kidonge cha kukojoza akikimeza magharibi atakitupa kesho yake, maana mtumbwi hauna choo. Huyo namfungia dawa zote kwenye kitendo kimoja: akishuka pwani asubuhi, kabla ya chai. Mwezi wa Ramadhani, amlodipini inahamia kwenye futari. Dawa hiyo inavumilia mabadiliko ya saa, kwa sababu nusu yake inabaki mwilini saa 30 hadi 50. Anayekuja kwa boti kutoka vijiji vya mbali vya kusini nampa za miezi miwili au mitatu akishatulia. Kumrudisha kila mwezi ni kumfundisha kuacha.

Kwenye zile paketi za mezani natafuta diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo wa mkulima na magoti ya mama muuza samaki vinanyweshwa diklofenaki miezi na miezi, nayo inashika chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, inapunguza nguvu ya losatani na ya kidonge cha kukojoza, na vitatu hivyo vikikutana vinaweza kuangusha figo. Naibadilisha kwa parasetamoli gramu 1, hadi mara tatu kwa siku. Prednisoloni, vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili na baadhi ya dawa za mafua navyo nauliza.

Chumvi naihesabu kwa pakiti, maana maneno ya "punguza chumvi" hayapimiki. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha kwa siku 10, mnakula maradufu, bila kuhesabu vile vidonge vya mchuzi wala samaki wa chumvi. Chumvi ya Uvinza haina msamaha wowote. Gramu yake ni gramu. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi siwakatazi. Mawese yanalaumiwa bure kwenye presha, ingawa kwa mwenye lehemu nyingi nasema yapungue.

Yote hayo yakikaa sawa na baada ya wiki nne bado iko juu, sasa naongeza bila kusitasita: losatani kufika 100, kisha haidroklorothiazaidi, ndicho kile kidonge cha kukojoza, 12.5 hadi 25. Losatani na enalaprili, dawa nyingine ya presha, haziendi pamoja, na zote mbili ni mwiko kwa mjamzito. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba nauliza hilo kwanza. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na potasiamu hupimwa wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kupandisha losatani. Miguu ikivimba kwa amlodipini 10, nashusha hadi 5. Kidonge cha kukojoza hakiondoi uvimbe huo.

Kitu kimoja sikikubali popote: nifedipini ya kutoboa na kuweka chini ya ulimi. Inaporomosha presha ghafla, ubongo unakosa damu, na mgonjwa aliyeingia akitembea anapata kiharusi. Mwenye 190/115 asiye na dalili anapumzishwa, anapimwa tena baada ya nusu saa, anarudishwa kwenye vidonge vyake na kuonwa ndani ya wiki. Mwenye maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, kuona giza au upande kulegea, huyo ni wa gari la wagonjwa.

Anayebaki juu akiwa kwenye dawa tatu za dozi kamili, au aliye chini ya miaka 30, namwandikia rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kabla ya hapo nakagua mkojo kwa kijiti kuona protini na damu, nauliza kama anakoroma na kushtuka usingizini, na kwa kijana nashika mapigo ya kwenye kinena pamoja na ya mkononi: ya kinena yakichelewa au yakiwa dhaifu, mshipa mkuu unaweza kuwa umebanwa. Kwenye barua naandika saizi ya mkanda niliotumia na idadi ya vidonge vilivyobaki, ili anayempokea asianze tena kwenye mashine.